Intaneti na huduma za lazima: serikali au watu binafsi? Mimi nasema tutenganishe waya na huduma

Wakuu, mjadala huu kila ukianza watu wanagawanyika hapohapo, hawa wanasema serikali haiwezi biashara, kila inachogusa kinakufa, wale wanasema mtu binafsi anaangalia faida tu na mnyonge atabaki bila huduma. Mimi naona tunabishania vitu viwili kama kimoja. Kuna waya uliofukiwa chini, halafu kuna huduma inayopita humo.

Tuanze na waya. Gharama kubwa ya fiba, yaani ule uzi wa kioo unaopitisha intaneti, sio uzi wenyewe, ni kuchimba mtaro, vibali, kukata lami na kuirudishia, nguzo, mafundi. Sasa kampuni ya kwanza ikishachimba mtaa mzima, kampuni ya pili itachimba mtaro mwingine pembeni ili wagombanie wateja walewale? Mara nyingi haiji. Ndo maana sehemu nyingi huo ushindani tunaoahidiwa hauonekani, kuna mmoja tu, anapanga bei na wewe huna pa kwenda. Na kule nyumba zilipo chache hata huyo mmoja haendi kwa sababu hela yake haitarudi. Simlaumu, lakini mtoto anayesoma kule kosa lake nini?

Mnaosema umma hauwezi, angalieni Chattanooga, jimbo la Tennessee kule Marekani. Shirika la umeme la jiji linaitwa EPB, ni mali ya umma. Lilitandaza fiba eneo lake lote la umeme, na mwaka 2010 likaanza kuuza kasi ya gigabiti moja kwa sekunde kwa kila mteja anayeitaka, mjini mpaka vijijini. Comcast, kampuni binafsi kubwa ya kebo na intaneti, walishaenda mahakamani kuuzuia mradi, wakashindwa. Fiba hiyohiyo inaongoza swichi za umeme, nguzo ikianguka mtandao unatenga eneo lenye hitilafu na wengine wanaendelea kupata umeme. Sasa sikilizeni hapa: majirani nje ya mipaka ya EPB waliomba nao waunganishwe, sheria ya jimbo ikakataa. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikajaribu kuiondoa hiyo sheria 2015, mahakama ya rufaa ikaitengua hatua hiyo 2016. Kama umma kweli hauwezi biashara, sheria ya kuuzuia ya nini? Hilo swali sijawahi kujibiwa vizuri.

Ila siwezi kuficha upande wa pili. Provo, jimbo la Utah hukohuko Marekani, jiji lilijenga mtandao wake likashindwa kuuendesha, mwisho 2013 wakauuza kwa Google kwa dola 1, na deni la ujenzi likabaki kwa wakazi. Hiyo inauma na lazima tuikubali. Australia nako walitangaza mradi wa taifa 2009, fiba mpaka mlangoni karibu kila nyumba, 2013 serikali ikabadilika, wakarudi kwenye nyaya za zamani za shaba kwa nyumba nyingi ili waokoe gharama, baadaye wakaanza tena kutenga hela za kupeleka fiba kwenye nyumba zilezile. Hii ndo hatari ninayoiogopa zaidi kwa serikali, kuliko hata uzembe: mradi wa miaka 20 unapangwa na watu wenye mawazo ya uchaguzi ujao.

Kwa hiyo nikisema umma sisemi waziri. Stockholm kule Sweden, tangu 1994 jiji lina kampuni yake, Stokab, inatandaza fiba na kuikodisha kwa kila kampuni kwa masharti sawa, yenyewe haimuuzii mwananchi intaneti. Mwenye waya hashindani na wapangaji wake. Ni kama barabara, barabara ni ya wote, mabasi yashindane juu yake. Na walipanua taratibu kadiri mapato yalivyoingia, hawakukopa kila kitu siku ya kwanza wakisubiri wateja.

Halafu mnaosema tuuze kila kitu, niambieni kuhusu maji ya England na Wales. Waliyabinafsisha 1989, na kabla ya kuuza serikali ikayafutia makampuni madeni yake. Leo madeni ya sekta nzima yamepita pauni bilioni 60, huku wanahisa wamekuwa wakipata magawio miaka yote hiyo na maji taka yanamwagwa mitoni. Scotland hawakuuza. Paris walikuwa wamewapa watu binafsi, 2010 wakayarudisha kwa jiji, mwaka uliofuata bei ikashuka asilimia 8. Na bomba la maji huwezi kuliwekea mpinzani, hakuna atakayekujengea la pili mpaka jikoni kwako.

Msimamo wangu: waya na mabomba viwe vya umma, kwenye shirika lenye hesabu zake za wazi na bodi isiyobadilishwa kila uchaguzi, huduma juu yake tuwaachie watu binafsi wapambane kwa bei na ubora. Anayepinga naomba anijibu hili moja: pale ambapo hela ya kampuni hairudi, nani achimbe mtaro, na kama jibu ni ruzuku ya serikali kwa kampuni binafsi, kwa nini mlipa kodi agharamie waya halafu usiwe wake?