Kuvuka Pangani hadi Unguja kwa boti tano za zamani, Idd pili. Naombeni mnikosoe

MwanaBweni

Assalaam alaykum wadau wa bahari. Tuko watu kumi na mmoja, boti tano, tunataka kuvuka pamoja kutoka Pangani kwenda Mkokotoni. Nne ni faiba za zamani. Yangu ni ya futi 15, marehemu baba aliinunua 1987, na inaendeshwa na Yamaha Enduro ya hp 40, ile ya kuchanganya oili. Ya tano ni ya mbao, ya baba mdogo, mvule mtupu, imekaa juu ya magogo tangu kusi ya mwaka jana.

Baba alikuwa akivuka kila Idd kwenda kwa shangazi. Mimi nilikaa mbele juu ya nanga iliyofungwa gunia, kazi yangu kumwonyesha nyavu za watu. Tangu afariki boti haijavuka. Mwaka huu nimeifungua yote. Ubao wa nyuma unaobeba mashine ulikuwa umeoza kwa ndani: kwa nje rangi safi kabisa, lakini nilipolegeza bolti maji meusi yakachuruzika kwenye tundu. Nimeweka mpya.

Mpango wetu: tunatoka mtoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Idd pili, tunaelekeza Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, moja kwa moja kwa ramani ya simu, halafu tunashuka Mkokotoni. Kila boti lita 50, za kurudia tutanunua huko huko. Hali ya hewa nitaiangalia siku mbili kabla. Naombeni waliowahi kuvuka waniambie palipo na kosa.

Nahodha wa Kipumbwi

Waalaykum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu baba yako. Kosa la kwanza ni siku yenyewe. Idd ni mwezi kuandama, na mwezi ukiandama ni bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Idd pili maji yatajaa alfajiri. Hiyo saa kumi na mbili na nusu unayoitaka, mto unatoka kwa nguvu na mawimbi ya bahari yanaingia. Vinakutana pale pale kwenye fungu la mchanga mlangoni, na wimbi linasimama wima. Boti ya futi 15 ikigusa mchanga wakati maji yanakupwa, yanaikimbia na kuiacha ubavu kwa mawimbi.

Haya, tuseme mmetoka salama. Mtafika upande wa pili saa tatu au saa nne, maji yamekauka. Mkondo kati ya kisiwa cha Tumbatu na Unguja, wa kuingilia Mkokotoni, una mafungu na miamba, na maji makavu ya bamvua hayakupi nafasi ya kukosea.

Subirini tarehe 8 ya Mfunguo Mosi, siku ya nane kuanzia Idd mosi. Ni maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo tu. Asubuhi hiyo hiyo maji yatakuwa yanajaa taratibu. Ukigusa mchanga unangoja kidogo, yanakuinua. Na mtafika Mkokotoni yakikaribia kujaa. Kaskazi nayo itakuwa inachoka na kusi bado haijaanza, kwa hiyo alfajiri mtapata umande mwepesi wa kutoka bara. Shangazi atawapikia hata tarehe 8.

La pili: msielekeze Nungwi. Maji ya pwani yetu yanakwenda kaskazini mwaka mzima, kusi yakikimbia zaidi, kaskazi yakipungua lakini bila kukoma. Chukua mkondo wa maili mbili tu kwa saa, safari ya saa mbili na nusu: umesukumwa maili tano. Aliyelenga Nungwi anajikuta ameipita kwa juu, yuko kwenye mlango wa kati ya Unguja na Pemba, na huko maji yanachemka hata siku ya shwari. Elekezeni ncha ya kaskazini ya Tumbatu, kwenye kisiwa cha Mwana wa Mwana. Ni kama maili 25 za bahari kutoka mtoni. Mkisukumwa, Nungwi bado iko mbele yenu kuwapokea.

Na simu isiwe peke yake. Kila boti iwe na dira, na mshika usukani aijue njia yake kwa dira kabla ya kutoka mtoni.

Fundi Mashine Tanga

Nahodha kamaliza ya bahari, mimi niseme ya mafuta. Lita 50 hazitoshi. Enduro 40 zinazopita mikononi mwangu, ukienda nusu mwendo na mzigo, naona zinakula kama lita 12 kwa saa. Saa mbili na nusu ni lita 30. Beba 30 za kwenda, 30 za kurudi na 30 za akiba. Akiba usiihesabu kabisa.

Changanya nyumbani, siyo juu ya mawimbi: dumu la lita 25, oili nusu lita. Mwaka juzi nilivutwa kutoka kisiwa cha Maziwe kwa sababu ya petroli yenye maji niliyoinunua kwenye madumu. Nilipofungua kabureta niliona matone yametulia chini kama shanga. Siku hizi kila dumu nalilaza usiku mzima, asubuhi namimina polepole kwa funeli yenye chujio na yale ya chini kabisa nayaacha.

Badilisha impela (feni ya mpira) ya pampu ya maji hata kama mchirizi nyuma ya mashine unatoka vizuri. Mpira wa miaka mingi hupasuka ukiwa katikati, siyo ukiwa gati. Plagi za akiba ziwe ndani ya chupa kavu pamoja na spana yake.

Boti ya mbao nina wasiwasi nayo zaidi kuliko zote. Mbao zimekauka, kalafati, yaani pamba za kuziba nafasi kati ya mbao, imelegea. Mkiishusha asubuhi ya safari mtakumba maji hadi Tumbatu.

Binti Tumbatu

Karibuni kwetu. Baba yangu na kaka zangu ni wavuvi, na kwao sheria ya msafara ni moja: boti ya polepole inakwenda mbele, wengine wote wanafuata mwendo wake. Mmoja akizima, wote wanazima. Watu kumi na mmoja, majaketi kumi na moja, na yavaliwe kabla ya kufika mlangoni mwa mto. Majina yote yaachwe bandarini Pangani na kwa mtu wa nyumbani, pamoja na saa ya kupiga simu ya hatari. Mkifika Mkokotoni ripotini bandarini kwanza, ndipo muende kwa shangazi.

MwanaBweni

Shikamoo nahodha, na asanteni wote. Nimewasomea wenzangu jioni hii. Wawili walinuna kwa sababu ya Idd, lakini baba mdogo alisema hata baba alikuwa akivuka kama wiki moja kabla ya mwezi kuisha, sikukuu inamkuta kwa shangazi, na kurudi alikuwa akingoja maji mafu. Mimi nilikuwa mdogo, sikujua sababu.

Tunatoka tarehe 8. Boti ya mbao tunaishusha tarehe 3, ifungwe kwenye mikoko upande wa Bweni inywe maji siku tano, na mimi nitalala hapo usiku wa kwanza na upo, kata ya kukumbia maji, mkononi. Baba mdogo ndiye atakayetangulia mbele. Fundi, nakuletea pampu Jumamosi.