Mjadala: Simu used zizuiwe kuingia nchini, au mnunuzi aachwe achague mwenyewe?

MwaloniKwetu
Wakuu, Juni 16 mwaka 2016 simu feki zilizimwa nchi nzima na hakuna aliyekufa. Kwa nini used za Dubai zisifuate? Mtu wa dagaa pale Kirumba, Mwanza, ana laki tatu na nusu, anauziwa iPhone XR "safi kama mpya", miezi mitatu baadaye anatembea na chaja kama mgonjwa wa pumu na dawa yake. Wengine bado wanauziwa iPhone 6, ambayo tangu Mei 2025 WhatsApp imeitema. Kwa hela hiyohiyo anapata Android mpya kwenye boksi, betri ya mAh 5000, na garantii. Mimi nasema zizuiwe.

fundi_solda
Mkuu umechanganya mafaili. Zilizozimwa 2016 zilikuwa na IMEI (namba ya utambulisho wa simu) za kughushi. Used ni simu halali iliyotumika. Piga *#06#, chukua zile tarakimu 15, zitume kwa ujumbe kwenda 15090, kisha linganisha modeli inayorudi na kitu ulichoshika. Zikipishana, mrudishie mwenyewe.

XR betri yake ni mAh 2942 tangu kiwandani, kwa hiyo haikuwahi kuwa simu ya kushinda hewani hata ilipokuwa mpya. Fungua mipangilio, upande wa betri, uone afya yake. Ikiwa chini ya asilimia 80, bei ishuke au betri ibadilishwe. Ikisoma 100 kwenye simu ya 2018, jua betri imeshabadilishwa, swali ni imewekwa gani. Nenda sehemu ya kuhusu simu: betri isiyo halisi huwa inaandikwa pale kuwa kipuri hakitambuliki.

Nyegezi Kona
Hizo mpya za boksi nazo tusizipambe. Ile "RAM 8" (kumbukumbu ya kuendeshea simu, kwa GB) ukisoma maandishi madogo ni 4 halisi na 4 za kuazima kwenye hifadhi, na hifadhi yenyewe ni eMMC, aina ya taratibu. Magrupu matano yakishusha video zake, simu inaganda ukiwa katikati ya kutuma hela. Used nazo zina mitego yake: iPhone 14 iliyotoka Marekani haina kabisa tundu la laini, ni eSIM tu, laini ya ndani isiyochomekwa. Kuna watu wanaligundua hilo wakiwa wameshalipa.

Ila mvuvi wa Ukerewe haya yote ya nini? Anunue kitochi. *150*00# ya M-Pesa inaingia hata kwenye kitochi.

Binti Nansio
Kaka wa Nyegezi, kwa hiyo sisi wa visiwani tumeumbiwa kitochi? Bei ya dagaa siku hizi inapangwa kwenye magrupu, na mnunuzi wa bara anataka picha ya mzigo ukiwa kwenye chanja kabla hajatoa hata shilingi. GPS haihitaji bando, ukishapakua ramani ukiwa nchi kavu inakuonyesha ulipo usiku katikati ya ziwa. Hebu fanya hilo na kitochi chako.

Tatizo letu ni umeme. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 hesabu yake ni ya volti 3.7. Ikitoka kwenye volti 5 ni kama 7,400, na nyingine inapotea kwa joto. Simu ya 5000 unaijaza mara moja na nusu hivi, basi. Wanaosema mara mbili hawajaijaza kwa sola. Na kwa sababu tunaishi na maji, mimi ningechagua used yenye IP68 (kiwango cha kinga ya maji na vumbi) kuliko mpya ya boksi isiyo na kinga.

IgogoMjomba
Dada umemaliza mjadala. IP68 unaidondosha pale kivuko cha Kamanga, unaifuata, unaendelea kuongea.

fundi_solda
Mjomba, huo uongo unaua simu. XR siyo hata 68, ni IP67: kina cha mita 1, dakika 30. iPhone 11 ndiyo 68, mita 2, dakika 30. Vipimo vyote hivyo ni vya maabara, maji safi yaliyotulia. Kinachozuia maji ni gundi nyembamba inayozunguka kioo. Kioo kikibadilishwa mara moja na ile gundi isirudishwe, IP imebaki kwenye boksi. Used ngapi hazijafunguliwa?

Chomoa kile kitrei cha laini, mulika tochi ndani ya tundu. Kuna kibandiko kidogo cheupe. Kikiwa chekundu, maji yalishaingia.

IgogoMjomba
Fundi unatisha watu upate wateja. Simu ikiloa tia kwenye mchele siku tatu, kwisha habari.

DadaSato
Mchele wa pilau huo jamani 😂

fundi_solda
Mwaka 2024 Apple wenyewe waliandika msitie kwenye mchele, chembe zake zinaweza kuharibu simu. Mchele hauvuti maji yaliyo chini ya bati za bodi (sakiti ya ndani ya simu). Simu ikiloa zima papo hapo, usichaji, toa laini, elekeza mdomo wa chaji chini uigonge taratibu kiganjani, iache penye upepo. Ikiwa imezama kabisa, ifunguliwe siku hiyohiyo, bodi isuguliwe kwa brashi laini na pombe ya kusafishia (isopropyl) ya asilimia 99.

Nyegezi Kona
Maji ya ziwa hayana chumvi, bodi haiozi haraka namna hiyo.

fundi_solda
Kinachoozesha ni umeme wa betri ukipita kwenye maji, chumvi inaharakisha tu. Na maji ya chini ya mtumbwi yana tope na damu ya samaki, usiyaite safi. Siku tatu kwenye mchele ni siku tatu za kutu, wakati betri bado imeunganishwa.

Binti Nansio
Mjomba wa Igogo kimya.

IgogoMjomba
Nipo. Mchele umeokoa simu nyingi kuliko fundi.

fundi_solda
Hizo zingekauka hata juu ya kabati.

MwaloniKwetu
Fundi, hiyo pombe ya 99, ya duka la dawa inafaa?

fundi_solda
Ya duka la dawa mara nyingi ni 70, inayobaki ni maji. Ulizia kwa wauza vipuri vya simu.