Mjadala: Je, tuendelee kutia oili ya 2T kwenye matangi ya magari yetu?

Hoja ninayoiweka mezani ni hii: oili ya 2T, ile inayotengenezwa kwa ajili ya injini za mapigo mawili, haina kazi ndani ya tangi la gari la petroli, na ndani ya tangi la dizeli tunaitumia kuziba pengo ambalo wengi wetu hatujawahi kulipima. Nasema hivyo nikijua kwamba wengi mnaosoma hapa mnaitia kila mnapojaza mafuta, na kwamba baadhi yenu ni mafundi waliofufua magari mengi kuliko nitakayowahi kuyamiliki. Kwa heshima hiyo naomba tubishane kwa vipimo.

Tuanzie kwa mwenye haki ya kuitia. Mvuvi wa Bagamoyo au Kilwa mwenye mashine ya boti ya mapigo mawili huchanganya sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, na asipofanya hivyo mashine itaganda kabla hajafika mbali na pwani. Injini ya namna hiyo haina karta (bakuli la oili chini ya injini) wala pampu ya kuisukuma; petroli hupita kwenye beringi za kranki kabla ya kuingia silinda, na oili iliyochanganywa humo ndiyo pekee inayozuia chuma kula chuma. Gari la mapigo manne lina karta yake, lina pampu yake, na kuta za silinda zake hupata oili kutoka chini. Anayesema kwamba 2T inalainisha pistoni za gari lake hana budi kutueleza oili iliyomo kwenye karta inafanya kazi gani.

Hata hivyo, watetezi wa 2T kwenye dizeli wana hoja nzito zaidi ya hiyo. Kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Viwandani, mchakato unaoondoa salfa huondoa pia kemikali nyingine zilizokuwa zikiipa dizeli utelezi wake wa asili. Pampu za mzunguko, zinazosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, kama zile zilizomo katika Hilux za injini ya 3L na Land Cruiser za 1HZ, hulainishwa ndani na dizeli yenyewe, wala hazipati oili ya injini. Kwa hiyo dizeli ikikosa utelezi, pampu ndiyo inayoumia. Jambo hili limewahi kutokea kweli: Sweden ilipoingiza dizeli yenye salfa kidogo sana mwanzoni mwa miaka ya 1990, pampu za magari zilianza kuharibika mapema. Sitaki mtu aseme kwamba nimeificha hoja hii, kwa sababu ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kilichofuata huko Sweden, lakini, ndicho kinachosahaulika. Tatizo lilimalizwa kwa kuongeza kilainishi maalumu kiwandani na kwenye maghala, kwa kiasi kidogo mno, kama sehemu mia moja au mia mbili hivi kwa milioni. Kisha vikawekwa viwango: kile cha Ulaya, EN 590, hakiruhusu kovu la msuguano kuzidi maikromita 460, na kile cha Marekani, ASTM D975, kinaishia 520. Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa. Kigololi kidogo cha chuma husuguliwa juu ya kisahani cha chuma kilichozamishwa ndani ya dizeli yenye joto la nyuzi 60, mara 50 kwa sekunde, kwa muda wa dakika 75. Kisha kovu lililobaki juu ya kigololi hupimwa kwa hadubini. Kovu kubwa maana yake dizeli ni kavu.

Basi 2T inalipunguza kovu hilo? Mwaka 2007 wapenzi wa magari ya dizeli nchini Marekani walichangishana fedha wakapeleka maabara dizeli isiyo na kiongezi chochote pamoja na sampuli zilizotiwa vitu mbalimbali. Dizeli tupu iliacha kovu la maikromita 636. Ile iliyotiwa oili ya 2T ya mashine za boti kwa uwiano wa 1 kwa 200, uleule tunaohimizana hapa kila siku, iliacha 474. Nakiri kwamba punguzo hilo la maikromita 162 ni kubwa: linaiingiza dizeli ndani ya kikomo cha Marekani, ingawa bado halifikii 460 ya Ulaya. Biodizeli ya soya, kwa asilimia 2 tu, ililishusha kovu hadi 221. Nakubali kwamba lilikuwa jaribio moja, la oili ya aina moja, na mwenye jingine alilete. Lakini hiyo ni namba ya maabara ya dizeli isiyo na kiongezi, na haimthibitishi mtu anayeniambia kwamba alisikia kwa masikio yake pampu ikilainika.

Mimi mwenyewe nilisikia. Pikapu yangu ya 3L, inayobeba mahindi na mbolea, ilikuwa imeanza kugonga asubuhi na kutoa moshi mweusi mlimani. Fundi alifungua skrubu iliyo chini ya chujio la dizeli, akakinga kikopo, yakatoka maji karibu nusu ya kikopo, yametulia chini ya dizeli kama uji uliojitenga. Akafunga chujio jipya, akatoa upepo kwa kubonyeza pampu ya mkono, kisha akamimina chupa ya 2T tangini na kuniambia: "Sasa sikiliza." Injini iliwaka kwa utulivu ambao sikuwa nimeusikia kwa miezi. Kwa mwaka mzima nilihubiri 2T kwa kila aliyenisikiliza, hadi siku niliyojiuliza kwa nini sifa zote nilizipeleka kwenye chupa, wakati maji yale na chujio lililoziba vilikuwa mbele ya macho yangu. Mara ya pili gari lilipoanza kugonga nilitoa maji na kubadilisha chujio peke yake, bila kutia kitu tangini, na utulivu ulikuwa uleule. Naomba kila mwenye ushuhuda wa mlio kupungua atuambie siku hiyo fundi alifanya nini kingine.

Wapo pia wanaosema pampu yao iliacha kuvuja walipoanza kutia 2T. Pampu za zamani zilifungwa sili za mpira ambao husinyaa dizeli inapobadilika, na ndiyo maana nyingi huanza kutoa jasho la dizeli baada ya kuhamia mafuta ya salfa kidogo. Dawa yake ni kuipeleka kwa fundi pampu akabadilishe sili na oringi za aina inayohimili dizeli ya sasa, kazi ya siku moja. Anayeahirisha kwa kumimina oili ataendelea kuvuta upepo kwenye mfumo.

Upande wa petroli sioni hata hoja ya kushindana nayo kwa muda mrefu. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuhofia viti vya vali wakati risasi ilipoondolewa kwenye petroli, jambo lililokamilika katika nchi zetu mwishoni mwa 2005, kwa sababu risasi ilikuwa ikivikinga viti hivyo. Magari tunayoagiza leo kutoka Japani yametengenezwa yakiwa na viti vya chuma kigumu. Yale yenye mfumo wa D-4, kama Noah na Voxy za miaka ya 2000, humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo oili iliyomo ndani yake haipiti hata nyuma ya vali za kuingiza hewa ambazo tunaambiwa inazilainisha. Pampu yake ya shinikizo kubwa hulainishwa na petroli, hilo ni kweli, lakini ilisanifiwa kwa petroli tupu.

Madhara yake nimeyaona kwa mtoto wa dada yangu. Fundi wake alimimina robo lita ya 2T kwenye gari dogo lililobakiwa na petroli isiyozidi lita kumi. Huo ni uwiano wa 1 kwa 40, oili nyingi kuliko anayotia yule mvuvi wa Kilwa. Gari lilianza kumisi (silinda kukosa kuwaka), taa ya injini ikawaka, na plagi zilipofunguliwa zilikuwa zimelowa na kuvikwa masizi meusi mpaka ncha haionekani. Kilichobaki ni kungoja kuona kama sensa ya oksijeni na masega ya bomba la moshi, yanayosafisha moshi, yamesalimika. Tunapoandika "tia kidogo tu" tukumbuke kwamba gereji nyingi hupima kidogo hicho kwa jicho.

Jambo linaloniuma zaidi liko nje ya gereji. Nikiwauliza wenzangu kwa nini hasa wanatia 2T, wengi wanafika mahali pamoja: hawaamini kilichomo kwenye pampu ya kituo. Wanakumbuka miaka ya dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, na mafuta ya taa kweli huikausha dizeli. Serikali haikulala: nchini Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili uchakachuaji ukose faida. Lakini vinasaba vinaonyesha kama mafuta yamechanganywa au yamekwepa kodi; havisemi kovu la msuguano ni maikromita ngapi. Dereva anayenunua lita 60 ana haki ya kulijua hilo. Ningependa tudai kwamba kila shehena inayoshuka Dar es Salaam, Tanga na Mtwara itangaziwe kipimo chake cha utelezi hadharani, kwa Kiswahili, kama bei kikomo zinavyotangazwa kila mwezi. Tukishaona namba iko chini ya 460, chupa ya 2T haitakuwa na cha kuongeza. Tukiiona iko juu, tatizo litakuwa la mwagizaji, na asilisogeze kwetu.

Kwa mnaonipinga, nina ombi mahususi. Aliyeendesha dizeli kwa 2T kwa kilomita 50,000 au zaidi, kisha pampu yake ikafunguliwa na fundi pampu, atueleze aina ya injini, uwiano aliotumia, oili ilikuwa ya daraja gani, na hali ya pleti na vishikizo vya ndani ilivyokutwa. Na kama kuna aliyefungua pampu mbili za magari ya kampuni moja yanayopita njia moja, moja likitiwa na jingine halitiwi, huyo ndiye ninayemsubiri kuliko wote.