Mifuko midogo ya zawadi ya karatasi inapasuka kwenye mikunjo, nakosea wapi?

binti_hereni
Habari zenu wadau. Natengeneza hereni za shanga nyumbani na kila anayechukua namfungia kwenye kamfuko ka karatasi nnakokakunja mwenyewe, maana hereni hata iwe nzuri vipi ukiitoa kwenye nailoni inaonekana kama ya bure. Sasa natumia A4 ya rangi, ile nene kidogo ya gramu 160, nailaza kwa upana, naacha sm 1.7 ya kubandikia, inayobaki nagawa 9, 5, 9, 5. Hesabu inakaa vizuri kabisa. Ila kila mkunjo wa kusimama unachubuka rangi, unaona mstari mweupe umechanika chanika kama kisigino kisichojua mafuta 😅. La pili kitako, nabandika leo kesho kimeachia. Nimeshatupa karatasi kama 20, nimebadilisha hadi aina, nikaanza kuhisi ni mkono wangu mzito. Kuna mtu anataka mifuko 60 jamani nisaidieni.

mkasi_butu
Pole dada, mkono wako hauna kosa, ni karatasi umeilaza vibaya. Karatasi ina nyuzi na nyingi zimelala upande mmoja, ni kama kuni tu, ukipasua kufuata nyuzi inaachia yenyewe, ukienda kinyume utatoa jasho. Chukua A4 yako, usiikunje, ipinde tu kama unataka kuiviringisha, kwanza kwa huku halafu kwa huku, ubonyeze na kiganja. Upande mmoja utakubali kirahisi, mwingine utakurudishia mkono. Ule unaokubali, mstari wa mpindo ndo unakofuata nyuzi. Ukiwa na gazeti ni rahisi zaidi, lichane tu, upande mmoja linachanika limenyooka na mwingine linaenda zigizaga.

A4 nyingi nyuzi zinafuata upande mrefu, ule wa sm 29.7. We umeilaza, kwahiyo mikunjo yako minne ya kusimama yote inavunja nyuzi katikati, hapo hata ungekuwa na mkono wa malaika ingepasuka tu.

Isimamishe. Upana sasa ni sm 21, toa 1.5 ya kubandikia inabaki 19.5, gawa 6.5, 3.25, 6.5, 3.25. Urefu kata ubaki sm 20, juu unakunja 3 kwenda ndani, chini unaacha 3 za kitako, mfuko unabaki na urefu wa 14. Ni mwembamba kuliko wako lakini hereni inahitaji nini kikubwa? Ukitaka mpana nunua karatasi kubwa ukate mwenyewe, hapo unachagua nyuzi zisimame.

mzee_wa_rula
Mkasi kasema kweli ila kasahau kitu, gramu 160 huwezi kuikunja hivi hivi kwa kidole hata nyuzi zikiwa upande wako. Inabidi upige mfereji kwanza. Peni iliyoisha wino inatosha, au sindano butu ya kufumia, weka rula, pitisha mara 2 kwa nguvu ya wastani. Usitumie ncha ya kisu, unakuwa umeikata nusu, itakuja kuachia siku mtu kashaubeba.

Halafu wengi wanakosea hapa, nilikosea mimi miaka: ule mfereji unapigwa upande wa NJE wa mfuko, na unakunja kuukimbia, kale kauvimbe kanakotokea upande wa pili ndo kakae ndani ya mkunjo. Watu wanakunja kuufuata mfereji wanadhani ndo ulivyo. Kwa karatasi nyepesi hutaona tofauti ila kwa nene utaona.

Na chana kona ya hiyo karatasi yako uangalie katikati. Kama moyo wake ni mweupe basi rangi imepakwa juu tu, mkunjo ukichubuka kidogo lazima uonekane. Iliyochanganywa rangi tangu inatengenezwa haina aibu hiyo. Kaki pia iko hivo ndo maana naipenda, hata ukikosea haikusemi.

binti_hereni
Asee nimechana kona, nyeupeee 🙈 Na mi kumbe nilikuwa nakunja kuufuata mfereji siku zote. Sasa kitako?

gundi_kidoleni
Kitako niachieni mimi. Unatumia gundi gani? Kama ni ile ya kijiti ya wanafunzi hiyo ni ya kubandika picha kwenye daftari, karatasi nene inataka kujifungua muda wote na ile haina ubavu wa kuizuia. Tumia gundi nyeupe ya mbao, lakini KIDOGO, pakaza kwa kipande cha kadi hadi iwe kama utando, ukimwaga maji yake yanaingia kwenye karatasi inavimba na kuwa mawimbi. Au seloteipu ya pande mbili kama una haraka.

Ila gundi peke yake haitoshi, tatizo watu wanabandika halafu wanauweka mfuko pembeni wakisali ushike. Ingiza kitu kigumu ndani, kiboksi au kipande cha mbao kinachokaa kwenye kitako, usimamishe, juu yake uzito. Acha nusu saa. Mwisho kata kadi ngumu ya 6.3 kwa 3, bandika ndani chini, inafunika maungio yote na mfuko unasimama wenyewe. Mimi bila hiyo kadi siuhesabu kama mfuko.

Mishikio usisahau kuweka ukanda wa kadi ndani ya ule mkunjo wa juu kabla ya kutoboa, la sivyo utepe utachana tundu.

swali_la_pili
Naomba kudandia, mi nafanya viboksi sio mifuko, vya mraba, kifuniko changu hakiingii kabisa au kikiingia hakitoki. Nakata chini na juu saizi moja.

mzee_wa_rula
Umejijibu mwenyewe 😄 Kifuniko kizidi mm 2, kadi ikiwa nene 3. Mfano kitako cha sm 8 na kuta za 3, unakata mraba wa 14. Kifuniko 8.2 na kuta za 2, unakata 12.2. Na kama ni vile vya origami vya kukunja bila gundi, Wajapani wanaviita masu, kwa kifuniko chukua mraba wa sm 21 na kwa chini 20.4, vitaingiana.

binti_hereni
Wakuu nimerudi. Mikunjo imetoka kama ya kiwandani siamini, nimetumia kaki nikaisimamisha. Nilifika mfuko wa 7 vizuri. Wa 8 nikaingiza kiboksi ndani nikaweka uzito nikaenda zangu, kumbe gundi ilichuruzika ndani, sasa kiboksi hakitoki na nilikuwa na hicho kimoja tu 😭

gundi_kidoleni
Nilisema KIDOGO. Kijacho kivalishe nailoni kwanza.

binti_hereni
Nailoni tena 😂😂 haya.