Tupeane uzoefu: ushawahi kucheza sataranji na mtu aliyekuzidi pointi mbali?

Kijana wa Majengo: Leo nimepita Mji wa Kale hapa Mombasa nikakuta wazee barazani wamejiinamia ubao, nikakumbuka mashindano yangu ya kwanza nilipopangiwa mkali. Mkono ulitetemeka hata kuandika hatua sikuweza. Nani mwingine yalimkuta?

Mama Likoni: Mimi. Usiku sikulala.

Farasi wa Mtongwe: Miaka minne na bado yaniuma. Mimi pointi za kiwango 1420, yeye 1850. Feri ikanichelewesha, nafika saa yangu imeshakula dakika kumi na nane. Yeye hata kiti hakikalii, anacheza kisha anazunguka kutazama meza za wenzake. Hatua ya ishirini akaacha ngome haina mlinzi. Nikaila. Hapo ndipo akakaa, hakuinuka tena. Tukaenda, tukaenda, askari wangu akafika mwisho akawa malkia. Kabaki na mfalme pekee, kwenye mraba wa h8, pembeni kabisa. Mfalme wangu f6, malkia a7, sekunde zinakatika. Ilikuwa nimpeleke g7, basi, kwisha. Nikamwachia f7. Mfalme wake hana pa kwenda wala hajatishwa. Sare! Akaninyooshea mkono upesi. Nilikaa pale mpaka watu wakaanza kukunja meza.

Mwana Tononoka: Pole ndugu yangu. Lakini sare na 1850 ni ushindi.

Kijana wa Majengo: Ushindi wapi? Nusu pointi imetupwa baharini!

Mwana Tononoka: Piga hesabu kwanza. Mkipishana zaidi ya pointi 400 za kiwango, FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, huhesabu 400. Farasi alitarajiwa kupata 0.08 ya mchezo, akapata 0.5. Kwa mchezaji mpya, tofauti hiyo huzidishwa kwa 40. Sare imempa 16.8 za kiwango.

Farasi wa Mtongwe: Na ningeshinda, 36.8. Usinipoze kwa hesabu.

Bi Kisauni: Ukipangiwa mkali, badilishaneni vipande mapema akose silaha.

Kijana wa Majengo: Hapana dada! Vikibaki vichache ndipo anapokumaliza. Mtie kwenye vurugu.

Mama Likoni: Na siku ya mashindano vuka na feri alfajiri, chai unywee ng'ambo.

Mzee wa Kibokoni: Mjukuu wangu, adui akibaki na mfalme peke yake, kabla hujamgusa malkia mtafutie yule mfalme nyumba ya kwenda. Huioni, na wewe humtishi? Basi usicheze hapo. Vijana wetu twawaambia wakalie mikono.

Farasi wa Mtongwe: Ahsante babu. Jumamosi nimepangiwa naye tena, nacheza nyeusi. Ijumaa nalala kwa shangazi, Tudor, kisiwani, nisingoje feri.