Naomba ushauri: meno ya binti yangu yamepandana, fizi zinatoka damu

Habari za humu wakuu. Binti yangu ana miaka 12. Meno ya mbele chini yamepandana, na chonge moja la juu limeota juu ya jino lingine. Sura si tatizo kwangu, anapendeza vilevile. Kinachoninyima usingizi ni fizi. Anapiga mswaki asubuhi na usiku, lakini pale meno yanapobanana mswaki haufiki, ukoga unajikusanya mpaka unakuwa mgumu, na kila akipiga mswaki anatema damu. Siku hizi akicheka anaziba mdomo kwa mkono.

Bibi yake ana kisukari, na kliniki walishatueleza kuwa fizi zikiugua sukari inakuwa ngumu kushuka, na sukari ikipanda fizi zinazidi kuharibika. Ndiyo maana silichukulii jambo hili kuwa la urembo.

Daktari wa meno amemsafisha, akashauri afungwe waya, na huenda akang'olewa meno mawili ili kupata nafasi. Ndugu wanasema nimwache, yatajipanga akikua. Siamini, maana meno ya utoto yameshang'oka yote.

Mliofungia watoto waya, mliruhusiwa kulipa kwa awamu? Usafi mliufanyaje waya zikiwa mdomoni? Na kung'oa meno mazima kwa ajili ya nafasi, kuna aliyepitia? Nipo Morogoro, ikibidi kumfuata bingwa Dar kila mwezi nitajipanga.