Miksi yangu ya pop na rock: Prince nimuweke wapi?

Mpangaji
Wadau, salaam. Naomba maoni ya wenye masikio. Miksi yangu inaanza na "Dreams" ya Fleetwood Mac, inafuata "Beat It" ya Michael Jackson, "When Doves Cry" ya Prince, "In the Air Tonight" ya Phil Collins, na Nirvana wanafunga na "Smells Like Teen Spirit".

Kinachonitatiza ni Prince. Wimbo ule wa 1984 hauna besi kabisa, aliitoa mwenyewe. Ukiusikiliza peke yake, ukavu ule ndio utamu wake: mashine ya ngoma, kinanda, na sauti inayolalamika bila kitu cha kuiegemeza. Ila ukija baada ya "Beat It", iliyojaa chini mpaka juu, unadhani spika imekufa. Rafiki yangu anasema niutoe. Siutoi ng'o, kwangu ndio bora kuliko yote humo. Niuhamishie wapi?

Gitaa Kwanza
Mkuu, wa kuhama ni Michael. Watu wanauita wimbo wa pop, lakini lile gitaa la katikati kapiga Eddie Van Halen, mtu wa rock haswa. Mpeleke akakae jirani na Nirvana. Hapo hakuna atakayeuliza ipi pop, ipi rock.

Sikio Kali
Mimi namtoa Phil Collins. Zaidi ya dakika tatu na nusu unasubiri ngoma ziingie! Ukimuweka nyuma ya Prince, miksi inapoa kabisa.

Kiitikio
Na Queen wako wapi jamani? Pop na rock bila "Bohemian Rhapsody"?

Mpangaji
Kiitikio, naipenda mno, lakini ina karibu dakika sita, haina kiitikio, inatoka kwenye piano ya taratibu inaingia opera, kisha rock nzito. Ni safari kamili. Wimbo wowote utakaoifuata utaonekana mdogo, na mimi sitaki kuuonea wimbo wowote humu.

Sikio Kali, hapo hatuelewani. Ngoma za Collins zinapiga vile kwa sababu umenyimwa kwa muda mrefu. Ukiwa umetoka kwa Prince asiye na besi, sikio lina njaa maradufu, na zikianguka zinakushtua hata kama unazijua. Huyo habanduki.

Gitaa Kwanza, nimekusikia na nimejaribu sasa hivi. "Dreams" ina besi tulivu ya John McVie, inarudia noti zilezile bila haraka, halafu Prince anaingia na ule mchomo wa gitaa. Pengo la besi halionekani tena kama kasoro, linasikika kama uamuzi. Kisha Collins, kisha Michael, kisha Nirvana. Mpango ndio huo.

Sikio Kali
Nimeupiga kwa mpangilio huo. Collins abaki. Ila "Dreams" kufungua bado naipinga, ni ya upole mno.